Apolo Kagwa: Jemadari Aliyejihariri Mwenyewe

Wengi wetu twamfahamu Marehemu Sir Apolo Kagwa kwa bunduki na kwa cheo. Mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowateketeza Wakristo pale Namugongo, kijana huyu wa ikulu alipigwa vibaya, kisha akasamehewa. Mwaka 1888 alikimbilia Ankole, na mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa viongozi waliorudi wakipigana ili Mwanga arejeshwe kitini. Ndipo akawa Katikiro wa Buganda, akadumu katika kazi hiyo mpaka mwaka 1926.

Lakini jemadari huyo alikuwa pia mwandishi. Mwaka 1901 alitoa kitabu juu ya wafalme wa Buganda, na mwaka 1905 kingine juu ya mila za Waganda. Wazee walimsimulia, naye akaandika kwa Kiganda. Baadaye akawa na mtambo wake mwenyewe wa kupiga chapa huko Mengo. Basi mwandishi, mhariri na mpiga chapa wakawa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye Waziri Mkuu! Nani angethubutu kumwambia kwamba ukurasa fulani umekwenda kombo? Sisi wa ofisi za jeshi twajua kwa nini taarifa hupitiwa na ofisa wa pili kabla ya kutoka: aliyeandika husoma alichokusudia, si kilichomo karatasini.

Kwa haki yake, Kagwa hakuwa mvivu. Kitabu cha wafalme alikirudia. Toleo la 1912 liliongeza wafalme wa Bunyoro, Koki, Toro na Ankole, na jingine likatoka mwaka 1927, mwaka aliofariki mjini Nairobi. Bali kuongeza si kuhariri. Vita vya dini alivyovisimulia alikuwa amevipigana mwenyewe, na upande wake ndio ulioshinda.

Mhariri wa kazi hiyo alimfikia akiwa kaburini. Kitabu cha mila kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Ernest Kalibala, kikahaririwa na May Mandelbaum, kikatoka New York mwaka 1934. Kile cha wafalme kilingoja hadi 1971, ambapo mwanahistoria M. S. M. Kiwanuka alikitafsiri na kukihariri, akatia maelezo yake pamoja na simulizi ya Katikiro. Maelezo hayo Kagwa angaliweza kuyajibu, kama angaliyapata angali hai. Mwaka huo wa 1971 alikuwa amelala kaburini miaka 44, na wale wazee waliomsimulia hawakuwapo tena kuulizwa.