Norman Barrett

Norman Rupert Barrett (16 Mei 1903 – 8 Januari 1979) alikuwa daktari mpasuaji wa kifua nchini Uingereza, mzaliwa wa Adelaide, Australia. Anakumbukwa kwa ugonjwa unaoitwa umio wa Barrett, ambapo utando wa sehemu ya chini ya umio hubadilika baada ya kuunguzwa na asidi ya tumbo kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba maelezo yake ya kwanza kuhusu hali hiyo hayakuwa sahihi.

Maisha

Alihamia Uingereza akiwa mtoto. Alisoma Eton, kisha Trinity College huko Cambridge, na udaktari katika hospitali ya St Thomas', London, alikofanya kazi baadaye. Mwaka 1946 alikuwa mhariri wa kwanza wa jarida la Thorax, akaliongoza hadi 1971. Mwaka 1947 aliripoti kwamba amefaulu kushona umio uliopasuka wenyewe, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo.

Utafiti kuhusu umio

Kwa kawaida umio hutandwa na seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Seli hizo huvumilia msuguano wa chakula, lakini si asidi. Tumbo lina seli ndefu zilizosimama kama nguzo, zenye kutoa ute wa kujikinga.

Mwaka 1950 Barrett aliandika kuhusu vidonda vilivyoonekana katika mrija wa kifuani uliotandwa na seli za namna ya tumbo. Kwake, penye seli bapa ndipo umio. Pasipo nazo ni tumbo. Hivyo alisema mrija ule ni tumbo lililovutwa juu kwa sababu mgonjwa alizaliwa na umio mfupi.

Mwaka 1953 Philip Allison na Alan Johnstone walimpinga. Walionyesha kuwa mrija huo una misuli na tezi za umio, na ndani yake vimo visiwa vya seli bapa. Hata hivyo, vidonda vyake waliviita kwa jina la Barrett. Mwaka 1957 Barrett alikubali hadharani kwamba ni umio, ingawa bado aliidhani kuwa kasoro ya kuzaliwa nayo.

Suala hilo la pili lilijibiwa maabarani. Mwaka 1970 Bremner na wenzake walichapisha majaribio ya kubandua utando wa umio wa mbwa. Pale ambapo asidi haikupanda, kidonda kilipona kwa seli bapa. Iliporuhusiwa kupanda, mara nyingi ziliota seli za umbo la nguzo. Kumbe hali hiyo huweza kupatikana maishani. Leo wagonjwa wake huchunguzwa mara kwa mara kwa kamera ya umio, kwa kuwa wachache wao hupata saratani.

Barrett alitunukiwa nishani ya CBE mwaka 1969.