Margaret Trowell na Somo la Kuchora

Mara nyingi ratiba ikibana, somo la kuchora ndilo huondolewa kwanza, iwe hapa Babati au kwingineko. Yatupasa basi kuyakumbuka maisha ya Margaret Trowell, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1904. Chuo cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi: useremala, ujenzi na umakanika. Bibi Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, hakungoja chuo kimpe chumba; mwaka 1937 alianza kufundisha kuchora barazani kwake. Hakuwapa wanafunzi picha za kunakili. Aliwasimulia kisa, kila mmoja akakiona kwanza moyoni mwake, ndipo akashika brashi. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London, na baadaye sanaa ikapata nafasi yake Makerere. Mmoja wa wanafunzi wake, Sam Ntiro wa Kilimanjaro, alichora maisha ya vijijini kwao, akawa pia balozi wa Tanganyika huko London baada ya Uhuru. Bibi Trowell alistaafu mwaka 1958, akafariki mwaka 1985. Nasi tukikosa rangi na karatasi, kisa cha kusimulia hatukikosi, na mtoto aweza kuchora hata kwa kijiti mchangani.