Dkt. Matthew Lukwiya, tabibu aliyekataa kuwakimbia wagonjwa

Mwezi Juni 2019, mtoto aliyevuka mpaka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake alithibitishwa kuwa na Ebola katika hospitali ya Bwera, wilayani Kasese. Wahudumu waliompokea walikuwa na mavazi ya kinga, wodi ya pekee na utaratibu wa kumfuatilia kila aliyemgusa mgonjwa. Mengi ya hayo Uganda ilijifunza kwa gharama kubwa huko Gulu mwaka 2000, na somo hilo haliwezi kutenganishwa na jina la Dkt. Matthew Lukwiya.

Lukwiya alizaliwa Kitgum tarehe 24 Novemba 1957. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alisomea udaktari Makerere, kisha mwaka 1983 akajiunga na hospitali ya Lacor, iliyoendelezwa na Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale. Baadaye alipelekwa Liverpool, Uingereza, ambako alifaulu kuliko wenzake. Angeweza kubaki huko, lakini alirejea Gulu, katika eneo la vita.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watawa wa Kiitalia. Lukwiya alijitoa achukuliwe badala yao, akazungushwa porini kwa takriban wiki moja kabla ya kuachiliwa.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipopata habari kwamba ugonjwa usiojulikana unaua watu Lacor, wakiwemo wanafunzi wa uuguzi. Alirudi mara moja, akapitia majalada ya wagonjwa usiku kucha na kushuku homa ya virusi inayotoa damu. Hakungoja majibu ya maabara. Alifungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, akaingia humo yeye mwenyewe. Wauguzi walipokufa na wenzao kutaka hospitali ifungwe, aliwasihi wasiwaache wagonjwa, akatangulia mbele yao. Novemba aliambukizwa alipokuwa akimhudumia muuguzi mgonjwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akazikwa Lacor karibu na kaburi la Lucille Teasdale.

Katika mlipuko huo watu 425 waliugua na 224 wakafa. Waliopona walirudi makwao wakikuta hofu na kutengwa. Wala kupona hakukuwa mwisho wa maradhi kwa wote. Baada ya mlipuko wa mwaka 2007 huko Bundibugyo, ng'ambo ya pili ya milima ya Rwenzori kutoka Kasese, watafiti waliwapima manusura zaidi ya miaka miwili baadaye. Wengi bado walilalamikia macho, masikio, viungo, usingizi na kumbukumbu, kuliko watu waliokaribiana nao ambao hawakuambukizwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliwapa manusura ushahidi kwamba maumivu yao si ya kuwaziwa tu, na kwamba wanastahili kliniki na ufuatiliaji wa muda mrefu.

Lukwiya hakuishi kuyaona hayo. Lakini msingi wa dai lao ndio aliousimamia hadi kifo chake: mgonjwa wa Ebola ni mtu wa kutibiwa, si wa kukimbiwa. Kwa watu wa Bwera, wanaoishi mlangoni pa mpaka, dai hilo halijapitwa na wakati.