Léopold Sédar Senghor, Rais wa Kwanza wa Senegal

Hayati Léopold Sédar Senghor alizaliwa mwaka 1906 mjini Joal, pwani ya Senegal. Alisoma Paris, akafundisha katika shule za Ufaransa, na mwaka 1940 akiwa askari alitekwa na Wajerumani. Mshairi huyo, Mkatoliki katika nchi yenye Waislamu wengi, alishika Urais mwaka 1960.

Doa la utawala wake ni la Desemba 1962, alipohitilafiana na Waziri Mkuu Mamadou Dia, mwenzake wa miaka mingi katika siasa. Dia alituhumiwa kutaka kuipindua serikali, akahukumiwa kifungo cha maisha na kupelekwa Kédougou, mbali na Dakar, hadi alipoachiwa mwaka 1974. Kwa mtu aliyejenga naye chama, adhabu hiyo ilikuwa nzito kupita kiasi.

Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 1980 Senghor alijiuzulu kwa hiari, jambo lililokuwa adimu barani Afrika, akamwachia madaraka Abdou Diouf. Alifariki dunia nchini Ufaransa tarehe 20 Desemba 2001. Dia aliishi hadi mwaka 2009.