Aliyemwonea Aibu Baba Yake: Mtakatifu Vincent de Paul na Watoto Waliotupwa



Vijana wenzangu, leo nawasimulia habari za mtakatifu ambaye jina lake mnalo mdomoni hata kama maisha yake hamyajui. Parokia nyingi kwetu zina chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, wale akina mama na wazee wanaozungukia wagonjwa na maskini. Mimi nilikua nikidhani huyu Vincent alizaliwa mpole, akaishi mpole, akafa mpole. Nilipoanza kumsoma nikiwa frateri, kitu cha kwanza kilichonishika ni kwamba aliwahi kumwonea aibu baba yake mzazi.

Alizaliwa mwaka 1581 (wengine husema 1580) katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini magharibi mwa Ufaransa. Nyumbani kwao walikuwa wakulima, watoto sita, na yeye alichunga mifugo. Baba yake akaona huyu kijana ana kichwa, akampeleka kusoma mjini. Padre katika ukoo ilikuwa njia ya kuinua familia, na tusidanganyane, hata kwetu wapo wanaofikiri hivyo. Sasa baba huyo alikuwa anachechemea, na nguo zake zilikuwa za shamba. Siku moja akaja shuleni kumwona mwanawe. Vincent akaambiwa baba yako yuko nje anakuulizia. Akakataa kutoka. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee anayeheshimiwa na wakuu wa nchi, alilisimulia jambo hilo yeye mwenyewe, akiliita dhambi.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa, Jumapili ya wageni, mama yangu alikuja na ndoo ya samaki wa kukaanga, kanga zimefifia, miguuni kandambili. Mwenzangu akaniuliza huyo ni nani. Nikajibu ni jirani yetu wa nyumbani. Mama alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Hakusema kitu, akaendelea kugawa samaki.

Basi, Vincent alipadrishwa tarehe 23 Septemba 1600, wakati Mtaguso wa Trento ulikuwa umeagiza padre awe ameingia mwaka wake wa 25. Yeye hakuwa amefika hata miaka 20. Akaanza kutafuta cheo chenye mapato mazuri, apate kipato cha kudumu na kuwasaidia ndugu zake. Kuna barua yake inayosema alitekwa na maharamia baharini akauzwa utumwani Tunis. Wanahistoria wanabishana juu yake hadi leo, kwa hiyo siingii huko. Mwaka 1608 alifika Paris. Alikuwa paroko pale Clichy kwa muda, kisha mwaka 1613 akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya akina de Gondi, familia kubwa na tajiri. Kwa macho ya dunia, alikuwa amefika.

Kilichombadilisha hakikuwa maono wala sauti toka mbinguni. Kilikuwa chakula kinachoelekea kuoza.

Mwaka 1617 aliiacha nyumba ya akina de Gondi akaenda kuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo mashariki mwa Ufaransa. Jumapili moja ya mwezi wa nane, akiwa anavaa mavazi ya Misa, alipewa habari kwamba kuna familia nje ya mji, nyumba nzima wako kitandani, hakuna hata mmoja wa kumpa mwenzake maji. Akaisema habari hiyo katika mahubiri. Mchana akatoka kwenda kuwaona. Njiani akakuta akina mama wengi wanakwenda, wengi wanarudi, wengine wamekaa pembeni ya barabara wakipumzika kwa sababu ya joto. Nusu ya mji ilikuwa imeguswa! Kule kwa wagonjwa kulikuwa kumejaa vyakula kuliko wanavyoweza kula.

Mimi ningefurahi, ningerudi nyumbani nikijua mahubiri yamefanya kazi. Vincent alirudi na wasiwasi. Aliona kwamba wagonjwa hawa leo wana vingi mno, kesho kutwa vitaharibika, na wiki ijayo watakuwa pale pale walipokuwa. Upendo ulikuwepo tele, ila hakukuwa na mpango. Siku chache baadaye akawakusanya wanawake kadhaa wa parokia wakakubaliana zamu: kila mmoja na siku yake, atapika, atabeba, atalisha. Kabla ya mwaka kwisha kikundi kilikuwa na kanuni zilizoandikwa na kibali cha Kanisa.

Kanuni zile, jamani, zisome ukipata nafasi. Ukitegemea mambo ya juu juu ya kiroho utashangaa. Zinaeleza nani anatunza pesa na atatoa hesabu kwa nani, mgonjwa apewe mkate na nyama na divai, kitambaa kitandikweje kwenye sinia, mgonjwa anawishwe mikono kwanza. Halafu kuna agizo moja nililolisoma mara tatu: mhudumu aanze na yule mwenye mtu wa kumkalia, amalizie na yule aliye peke yake, ili kwake huyo akae muda mrefu zaidi. Nimesoma maadili ya Aristotle na ya Kant, nikaandika na insha, lakini hakuna mahali nilipokuta hekima imekaa kwenye mpangilio wa ratiba namna ile.

Nilikuwa na sababu ya kuisoma mara tatu. Mwaka wangu wa kichungaji niliwekwa kwenye parokia moja yenye jumuiya nyingi. Kulikuwa na bibi anayelea wajukuu watatu yatima. Mimi ndiye niliyehamasisha vijana: Krismasi ile tulikwenda na unga, mchele, sabuni, nguo, tukaimba, tukapiga picha nyingi tu. Mwezi wa tatu nilipopita tena, unga ulikuwa umeingia wadudu kwa sababu bibi hakuwa na pa kuhifadhi magunia manne, na mjukuu wa kati alikuwa nyumbani siku ya shule. Hana daftari. Madaftari ya elfu mbili tu. Bibi akaniuliza, kwa upole kabisa, tutarudi lini kuimba. Hapo ndipo nilipoomba jumuiya yao wafanye zamu, kaya moja kila wiki, mtu kupita tu kuangalia. Hiyo zamu ilianza kwa kusuasua, na kuna wiki ambazo mtu alisahau.

Turudi Ufaransa. Vikundi vile vya upendo vilienea vijijini na vikafika Paris. Ila Paris wanawake wa vyeo walitoa pesa kwa moyo, halafu kazi ya kubeba chungu cha supu wakawatuma watumishi wao, ambao hawakuwa na wito huo. Aliyeonyesha njia ni msichana wa kijijini, Marguerite Naseau kutoka Suresnes, mchunga ng'ombe aliyejifundisha kusoma akiwa machungani. Alikuja kujitolea kuhudumia wagonjwa. Alifariki mwaka 1633 kwa tauni, baada ya kumpokea mgonjwa wa tauni kitandani mwake. Mwaka huo huo, tarehe 29 Novemba, mjane aitwaye Louise de Marillac aliwakusanya nyumbani kwake wasichana wachache wa aina hiyo, na hapo wakaanza Mabinti wa Upendo. Wakati ule sista alitakiwa akae ndani ya kuta za monasteri. Vincent na Louise walikwepa sheria hiyo kwa akili: hawa wasiitwe watawa, wawe wanawake wa parokia wanaokwenda majumbani, na mitaa ya mji ndiyo iwe kuta zao.

Sasa watoto. Paris ya wakati ule ilikuwa na mamia ya vichanga waliotupwa kila mwaka, milangoni mwa makanisa na barabarani. Walipelekwa kwenye nyumba moja iliyoitwa La Couche, chini ya mjane mmoja na watumishi wasiotosha. Watoto walipewa dawa ya kuwalaza ili wasilie. Wengine waliuzwa kwa pesa kidogo kwa ombaomba, na wapo waliovunjwa viungo ili wapita njia waone huruma. Karibu wote walikufa. Mwaka 1637 Descartes alichapisha kile kitabu cha mbinu ambacho sisi wanafalsafa tunakikariri. Mwaka uliofuata, 1638, Vincent, Louise na wale mama wa Paris walichukua watoto kumi na wawili kutoka La Couche. Cha kwanza nilikifanyia mtihani. Cha pili hakuna aliyeniambia.

Hawakujenga kituo kikubwa wakawajaza. Vichanga walipelekwa kwa akina mama wanyonyeshaji, wengi vijijini, wakalipwa kwa kazi hiyo, na masista wakafunga safari kwenda kuangalia kama mtoto ananyonya na kama yu hai. Waliokua walirudi kufundishwa kusoma, katekisimu na kazi za mikono. Mwaka 1640 wakakubali kuwachukua wote. Mwaka 1642 mfalme Louis XIII akatoa livre 4,000 kwa mwaka, na hazikutosha. Walipopewa jengo la Bicêtre, Louise alilalamika kwamba hewa ya pale haiwafai watoto, na kweli pale wengi walikufa.

Kisha hali ya nchi ikachafuka, pesa zikakauka, na wale mama wafadhili wakachoka. Wakataka kuacha. Sisi tungewaita wabaya, lakini walikuwa wametoa kwa miaka kumi! Vincent aliwaita kikaoni. Hakuwagombeza. Aliwakumbusha kwamba walikuwa wamejifanya mama wa watoto hawa pale mama zao wa damu walipowaacha. Akawaambia leo waache kwanza umama, wakae kama mahakimu, na wapige kura: wakiendelea, watoto wataishi, wakiacha, watakufa bila shaka yoyote. Wakaendelea.

Louise alifariki Machi 1660. Vincent alimfuata tarehe 27 Septemba mwaka huo huo, alfajiri, akiwa amekaa kwenye kiti na nguo zake zote mwilini. Mwaka 1670 serikali ya Ufaransa ikaifanya ile nyumba ya watoto kuwa taasisi ya umma. Yeye alitangazwa mtakatifu mwaka 1737, na sikukuu yake ni tarehe ile ile aliyofariki.

Mama yangu nilimwomba msamaha likizo iliyopita, jikoni. Alisema alisikia.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, utuombee.