Lobanovskyi, kocha aliyewapima mastaa kwa namba

KARATASI ilikuwa inabandikwa ubaoni siku moja baada ya mechi. Wachezaji wa Dynamo Kyiv wakifika mazoezini wanaisogelea, kila mmoja anatafuta jina lake. Hapo ndipo ulipokuwa unajijua. Umefanya matendo mangapi uwanjani, umepoteza mipira mingapi, umekaba mara ngapi, kasi yako ilikuwaje. Kama ulizurura dakika 90 ukisubiri pasi, karatasi inakuumbua mbele ya wenzako, hata kama jana mashabiki waliimba jina lako.

Leo kila klabu kubwa ina watu wa takwimu na kompyuta zao. Valeriy Lobanovskyi alikuwa anafanya hivyo miaka ya 1970, ndani ya Muungano wa Kisovieti, wakati makocha wengi duniani bado walikuwa wanamsoma mchezaji kwa macho tu.

WINGA MWENYE MADOIDO

Alizaliwa Kyiv, Ukraine, Januari 6, 1939. Ajabu ni kwamba huyu mtu aliyekuja kuifanya timu iwe kama mashine, enzi zake alikuwa winga wa kushoto wa kupendwa na jukwaa: mrefu, nywele nyekundu, chenga nyingi. Sifa yake kubwa ilikuwa kona. Alikuwa anaukunja mpira ukaingia wavuni moja kwa moja, na hakuwa anabahatisha, alikuwa analifanyia mazoezi hilo jambo kwa saa nyingi.

Mwaka 1961 Dynamo Kyiv ilitwaa ubingwa wa Sovieti, ikiwa timu ya kwanza kutoka nje ya Moscow kufanya hivyo. Jiji zima lilifurahi. Kwa Lobanovskyi, kikombe peke yake hakikutosha. Alitaka kujua kama kweli walicheza vizuri au walibebwa na bahati. Swali hilo halikumwacha tena maishani.

Mwaka 1964 akaja kocha Viktor Maslov, aliyetaka timu nzima ikabe na kukimbia. Winga wa madoido hakuwa na nafasi hapo. Wakakwaruzana, akaondoka kwenda Odesa, kisha Donetsk. Akiwa Odesa alimalizia shahada ya uhandisi wa mifumo ya kupasha joto. Viatu alivitundika akiwa bado hajafika miaka 30.

MTU WA HESABU

Alianza ukocha Dnipropetrovsk, kwenye timu ya Dnipro iliyokuwa daraja la pili. Huko akakutana na Anatoliy Zelentsov, msomi wa chuo cha elimu ya viungo. Mmoja alikuwa na maswali, mwingine alikuwa na namna ya kuyapima. Dnipro ikapanda ligi kuu, na msimu wake wa kwanza huko, 1972, ikamaliza ya sita.

Mwishoni mwa 1973 akarudi nyumbani Kyiv kama kocha, akiwa na Zelentsov na mchezaji mwenzake wa zamani, Oleh Bazylevych. Wazo lao lilikuwa hivi. Uwanjani kuna vitu 22, vimegawanyika katika makundi mawili ya 11. Kundi linalofanya kazi kwa ufanisi zaidi ndilo linaloshinda. Na ufanisi wa kundi unazidi jumla ya uwezo wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kununua mastaa 11 hakukupi timu. Zelentsov alipiga hesabu akafikia mahali: timu ikikosea chini ya asilimia 15 hadi 18 ya matendo yake yote, haifungiki.

Hapo ndipo karatasi ya ubaoni ilipotokea. Hata usajili ulipitia kwa Zelentsov. Mchezaji alikuwa anakalishwa mbele ya kompyuta, anapimwa kasi ya kuitikia, kumbukumbu na uvumilivu. Kukaba nako kuliwekwa kwenye mafungu matatu: kukaba juu kabisa golini kwa mpinzani, kukaba kuanzia katikati, na kule kujifanya mnakaba ili mpinzani aingie woga apoteze mpira mwenyewe.

Matunda yalikuja haraka. Mei 14, 1975, mjini Basel, Dynamo iliichapa Ferencváros ya Hungary 3-0 na kubeba Kombe la Washindi Ulaya. Baadaye mwaka huo wakaifunga Bayern Munich kwao 1-0, na Kyiv 2-0, katika Super Cup. Mabao yote matatu alifunga Oleh Blokhin, na Mpira wa Dhahabu wa 1975 ukaenda kwake.

WACHEZAJI WAGOMA

Lakini binadamu siyo namba tupu. Mwaka 1976 mzigo wa mazoezi ulizidi. Dynamo ikatolewa na Saint-Étienne kwenye robo fainali ya Kombe la Mabingwa, ikiwa imeshinda nyumbani 2-0 na kufungwa 3-0 ugenini. Kikosi hichohicho kilikuwa ndiyo timu ya taifa. Kikashindwa kwenda fainali za Ulaya, na kwenye Olimpiki ya Montreal kikarudi na shaba. Wachezaji wakagoma. Bazylevych akaondoka, Lobanovskyi akabaki, ila alikuwa amejifunza kwamba hesabu isiyojumlisha uchovu ni hesabu mbovu.

Kelele nyingine zilikuwa kuhusu sare. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2 na sare pointi 1. Lobanovskyi akauchukua msimu mzima kama hesabu moja: nyumbani shinda, ugenini usipoteze, usichoshe watu bure. Mwaka 1977 Dynamo ilikuwa bingwa kwa kushinda mechi 14, kufungwa 1 na kutoka sare 15. Kwa shabiki aliyelipa kiingilio kule ugenini, huo ulikuwa usingizi. Sare zilikuwa zimeshamiri ligi nzima, na kuanzia 1978 wakuu wa ligi wakaweka kikomo: ukizidisha sare 8, hupati kitu.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja 1984. Aliporejea klabuni baada ya kuinoa timu ya taifa, Dynamo ikamaliza ya 10. Kwa klabu ile, hiyo ilikuwa aibu. Yeye hakubadili njia. Msimamo wake ulikuwa kwamba njia ya kweli haiachwi kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Mwaka uliofuata akabeba ligi na kombe.

SIKU SITA BAADA YA CHERNOBYL

Aprili 26, 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl, kaskazini mwa Kyiv, kililipuka. Siku sita baadaye, Mei 2, Dynamo ilikuwa Lyon kwenye fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Atlético Madrid, nyuma wakiwa wameacha familia.

Wakashinda 3-0. Bao la pili bado linaoneshwa hadi leo. Vasyl Rats anatoka kushoto, anampa Belanov, Belanov anamwachia Yevtushenko, naye bila hata kutazama anausukuma kulia, Blokhin anamaliza. Mabeki wamebaki wanageuka tu. Pasi ile haikuwa uchawi, ilikuwa imerudiwa mazoezini mpaka miguu ikazoea. Mwaka huo Igor Belanov akachukua Mpira wa Dhahabu.

Mexico, Kombe la Dunia, Sovieti yake iliyojaa watu wa Kyiv iliifumua Hungary 6-0, kisha Ubelgiji ikawatoa 4-3 muda wa nyongeza, pamoja na Belanov kupiga hat-trick. Euro 1988 waliifunga Uholanzi 1-0 kwenye makundi na Italia 2-0 nusu fainali. Fainali wakakutana tena na Uholanzi, wakalala 2-0, Belanov akakosa penalti. Hilo hakuna karatasi iliyoweza kulikokotoa.

MZEE ARUDI NYUMBANI

Italia 1990 waliishia makundi. Akaenda kufundisha timu za taifa za Falme za Kiarabu na Kuwait. Aliporejea Kyiv 1997, Ukraine ilikuwa nchi huru, klabu imeshuka, na yeye afya imeanza kumkataa. Alikuwa anakaa benchi kimya, mwili unayumba mbele na nyuma kama pendulamu ya saa.

Wengi walidhani zama zake zimepita. Novemba 5, 1997 akaenda Camp Nou na kuichapa Barcelona 4-0. Kinda wa miaka 21, Andriy Shevchenko, alipiga hat-trick. Msimu uliofuata wakaitoa Real Madrid robo fainali. Nusu fainali waliongoza Bayern 3-1 wakiwa Kyiv, ikaisha 3-3, kisha Munich wakafungwa 1-0. Kombe kubwa kabisa la Ulaya hakuligusa, licha ya ubingwa 8 wa Sovieti na 5 wa Ukraine.

Mei 7, 2002, Dynamo ikicheza Zaporizhzhia, alipatwa na kiharusi. Alifariki Mei 13, akiwa na miaka 63. Siku mbili baadaye, kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Glasgow, uwanja mzima ulisimama kimya kwa dakika moja.

Mwaka 2003 AC Milan ilitwaa taji hilo kwa penalti dhidi ya Juventus, na penalti ya mwisho aliipiga Shevchenko. Baadaye alisafiri hadi Kyiv, akaenda na medali yake mpaka kwenye kaburi la mzee.