Karl Weule katika Masasi na Newala, 1906: Kufurahia Ngoma na Kuitathmini

Makala haya yanaeleza maisha ya Karl Weule, mtaalamu wa ethnolojia kutoka Ujerumani, kwa kutilia mkazo miezi michache ya mwaka 1906 aliyoitumia kati ya Masasi na Newala. Wenzake wa Leipzig humkumbuka zaidi kama mjenzi wa makumbusho na wa somo la ethnolojia katika chuo kikuu. Sisi tunaoshughulika na fasihi simulizi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Weule ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kunasa sauti na picha za ngoma za kusini-mashariki ya nchi yetu kwa mashine, na katika kazi yake limejitokeza wazi suala ambalo wahakiki wetu hulipita upesi, yaani tofauti iliyopo kati ya kuifurahia burudani na kuitathmini kuwa ni nzuri.

Kiswahili chenyewe hutenganisha mambo hayo mawili kisarufi. Anayesema kwamba ngoma imempendeza hulazimika kujitia ndani ya kitenzi kwa kiambishi cha mtendwa. Ngoma ndiyo inayotenda, naye ndiye anayetendwa. Kauli yake haina mpinzani, kwa kuwa hakuna awezaye kumwambia kuwa hakupendezwa. Anayesema kwamba ngoma ni nzuri hutumia kivumishi, naye mwenyewe hutoweka katika sentensi. Hapo hudaiwa sababu. Ndiyo maana mtu aweza kukiri, bila kujipinga, kwamba ngoma fulani ni nzuri ila haimpendezi, au kwamba inampendeza ingawa si nzuri. Ipo pia kauli ya tatu, ambayo nitaigusa tena hapa chini: ngoma kukolea, kama chumvi inavyokolea katika mchuzi. Kauli hiyo haimhusu mtazamaji mmoja wala haielezi sifa ya kudumu ya ngoma. Hueleza tukio zima, fanani na hadhira wakiwa pamoja kwa usiku ule.

Weule alizaliwa tarehe 29 Februari 1864 katika kijiji cha Alt-Wallmoden, karibu na Goslar. (Mtu wa tarehe hiyo husubiri siku yake ya kuzaliwa kwa miaka minne, na kati ya 1896 na 1904 Weule alilazimika kusubiri minane.) Alisoma katika vyuo vikuu vya Göttingen na Leipzig, akapata shahada ya udaktari katika Jiografia, kisha akafanya kazi katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin, ambako Adolf Bastian alikuwa amejenga mtindo wa kukusanya vitu kutoka pande zote za dunia kabla havijapotea. Mwaka 1899 alihamia Makumbusho ya Leipzig, na mwaka 1907 akawa mkurugenzi wake. Mtindo huo wa Berlin unapaswa kukumbukwa katika yote yanayofuata. Mkusanyaji wa aina hiyo hakuulizwa kama kinyago au wimbo ni mzuri, maana kilichotakiwa ni ushahidi. Kwa mujibu wa mtindo huo kinyago kibovu na kinyago bora vina thamani moja, mradi vyote viwe vya kweli na vijulikane vilikotoka.

Safari ya 1906 ilifanywa kwa niaba ya tume ya serikali ya Ujerumani ya uchunguzi wa makoloni, iliyoongozwa na Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Mpango wa awali ulikuwa kwenda kaskazini ya koloni. Huko hali haikuwa ya amani, na Weule akashauriwa aende kusini. Shauri hilo lina kinaya chake, kwa kuwa kusini ndiko vita vya Majimaji vilikokuwa vimewaka tangu Julai 1905. Katika mwaka huo huo kituo cha misheni ya Waanglikana cha Masasi kilikuwa kimechomwa moto. Weule alipoondoka Lindi na kupanda bonde la Lukuledi, alikuwa akiingia katika nchi iliyotoka vitani, ambako maghala ya nafaka yalikuwa matupu na askari wa serikali wanaogopwa. Yeye mwenyewe alisindikizwa na askari.

Nalitaja hili mapema kwa sababu linahusu moja kwa moja suala la tathmini. Ngoma nyingi alizozitazama zilichezwa baada ya jumbe au akida kupewa habari kwamba mgeni wa serikali anataka kuona ngoma. Wachezaji walipewa bakshishi. Alipokaa Masasi, kisha Chingulungulu kwa Wayao wa Matola, na hatimaye alipopanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala na Mahuta, hali ilikuwa karibu ile ile. Hadhira halisi ya ngoma, yaani watu wanaoijua, wanaoidai na wanaoweza kuikatiza kwa kuondoka, ilikuwa imewekwa pembeni, na mahali pake pamekaliwa na mtu mmoja mwenye mashine.

Mashine hizo nazo zilikuwa na masharti yake. Silinda ya nta ya fonografu ilichukua dakika mbili au tatu tu za sauti, na joto la nchi liliilainisha nta. Kamera ya sinema ya wakati ule haikuweza kuona chochote bila jua kali. Msomaji anayezijua ngoma za kusini ataelewa maana yake. Ngoma ya mbalamwezi ililetwa mchana, na wimbo unaohitaji saa nzima kupamba moto ulikatwa kabla mwimbishaji hajapata joto. Nyimbo za kupokezana ziliathirika zaidi, kwa kuwa mwimbishaji alipaswa kuikaribia pembe ya fonografu na waitikiaji wakabaki nyuma. Mmoja wa walionaswa huko Masasi alikuwa Sulila, mwimbaji kipofu. Kwa fanani kama huyo kuimba na kuutikisa mwili ni tendo moja, na pembe ya fonografu haikuwa na nafasi kwa la pili.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kudai kwamba Weule alikuwa mtu mkavu. Maandishi yake ya safari, ambayo asili yake ni barua alizomwandikia mkewe, yanamwonyesha mtu aliyefurahi, na aliyefurahi kwa dhati. Aliwapenda wapagazi wake Wanyamwezi pamoja na kiongozi wao Pesa Mbili, na nyimbo zao za njiani zilimliwaza. Wachezaji wa mirongoti waliotembea juu kuliko mapaa ya nyumba, wakiwa wamefunikwa nyuso kwa vinyago, walimshangaza kama mtoto. Midundo ya ngoma za unyago ilimvuta hata akaacha meza yake ya kazi. Alipotazama sehemu za unyago wa wasichana, ambazo kwa desturi hazikuwa za macho ya wanaume, alitazama kwa shauku ambayo hakuificha. Ni haki msomaji wa leo aione shauku hiyo kuwa na kasoro, na mimi naiona hivyo. Sidhani kwamba udadisi wa kisayansi unatosha kumfungulia mtu mlango ambao wenyeji wenyewe wameufunga kwa makusudi.

Mwaka 1908 Weule alichapisha vitabu viwili juu ya safari hiyo moja. Cha kwanza ni Negerleben in Ostafrika, kilichokusudiwa wasomaji wa kawaida. Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri ikatoka mwaka 1909. Cha pili ni taarifa ya kisayansi iliyotolewa kama nyongeza ya jarida la serikali la makoloni. Kwa maoni yangu, mgawanyo huu ndio ufunguo wa mtu huyu. Katika kitabu cha kwanza kiambishi chetu cha mtendwa kimejaa tele: ngoma ilimfurahisha, wimbo ulimchosha, kinyago kilimchekesha. Katika cha pili kiambishi hicho hakipo, na badala yake tunapata aina, majina, mgawanyo wa makabila na vipimo. Furaha ilipelekwa kwa msomaji wa sebuleni, na elimu ikapelekwa kwa msomaji wa maktaba. Lakini tathmini, kwa maana ya kusema ngoma ipi ilichezwa vizuri, nani alikuwa fundi na nani mwanafunzi, na kwa kigezo gani, haikupewa kitabu.

Labda mtu atajibu kwamba msafiri hawezi kudaiwa vigezo vya wenyeji katika miezi michache. Jibu hilo lingekubalika kama Weule hangekuwa na subira. Bali alikuwa nayo. Huko Newala alikaa wiki nzima nzima akijifunza misingi ya Kiyao, Kimakua na Kimakonde, akiwahoji wazee juu ya viambishi na majina ya ukoo. Mwanaisimu hawezi kuidharau kazi hiyo. Mtu aliyeweza kumkalisha mzee akamuuliza wingi wa neno fulani, angeweza pia kumuuliza kwa nini watu walimwita mwimbaji huyu na si yule. Maswali ya namna hiyo yana majibu, na kila mzee wa unyago anayo. Mpiga ngoma husifiwa kwa kushika mahali pake kati ya ngoma ndogo na kubwa bila kumfuata jirani yake. Mwimbishaji husifiwa kwa kuupata wimbo unaomgusa mtu aliyepo uwanjani pasipo kumtaja. Watu hao hao wanaweza kuburudika na ngoma ya hovyo usiku kucha, wakacheka na kucheza, na asubuhi wakakubaliana kwamba haikukolea. Weule hakuwauliza, kwa kuwa mtindo aliolelewa nao ulimfundisha kwamba watu wa namna hii wana desturi, ila hawana uhakiki. Kitabu alichokitoa mwaka 1910, chenye jina linalozungumzia utamaduni wa wasio na utamaduni, kinaonyesha jinsi imani hiyo ilivyokuwa imekita, hata pale mwandishi alipokusudia kuwatetea.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Kilichonaswa mwaka 1906 kilinaswa kwa sababu kilimpendeza msafiri, au kwa sababu kilienea katika nta na katika jua. Baadaye kikaitwa mfano wa muziki wa Wamakonde, wa Wayao au wa Wamakua. Ladha ya mtu mmoja ikageuka kuwa hazina ya marejeo, na anayerejea hazina hiyo leo hukuta mabaki ya uteuzi wenye sababu mbili tu kati ya hizo. Tusijione wema sana kwa kulinganisha. Katika karatasi za mitihani ya fasihi simulizi nimesoma mara nyingi kwamba ngoma fulani ni nzuri kwa sababu inaburudisha na kuelimisha, bila neno moja zaidi. Huko pia furaha imevalishwa joho la tathmini, na tofauti ni kwamba Weule alikuwa mwangalifu zaidi, akaziweka katika majalada mawili.

Maisha yake ya baadaye yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Aliendelea kuongoza makumbusho, akaandika vitabu vingi vya kuieneza elimu ya ethnolojia kwa watu wa kawaida, na mwaka 1920 akapewa kiti kamili cha uprofesa wa ethnolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, cha kwanza cha aina yake Ujerumani. Wakati huo koloni alilolizunguka lilikuwa limekwisha kupotea mikononi mwa Wajerumani. Alifariki Leipzig tarehe 19 Aprili 1926.

Mwaka huo huo wa 1926 dayosisi ya Masasi ilianzishwa, na Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana aliyekuwa ameishi huko miaka mingi, akawa askofu wake wa kwanza. Lucas aliyakabili mambo yale yale ya jando na unyago kutoka upande wa pili. Hakujishughulisha sana na kama ngoma inapendeza. Alitaka kujua kama ni njema, naye alikuwa na kigezo chake wazi, kilichotoka katika dini yake. Alibakiza sehemu alizoona zinafaa kumlea kijana, akaondoa nyingine, akaweka sala mahali pake, na hivyo ikapatikana jando ya Kikristo. Twaweza kukikataa kigezo chake, na katika nyimbo alizoziondoa naamini tulipoteza mengi. Lakini kwa kuwa alikitaja, wazee wa Masasi waliweza kubishana naye juu yake, na mabishano hayo yakawa sehemu ya historia ya mahali pale. Na Weule hapakuwa na la kubishania. Alikuwa amepiga makofi, akafunga masanduku, akateremka Lindi.

Masanduku hayo yalifika Leipzig salama. Sehemu ya mali za makumbusho hayo iliteketea kwa mabomu usiku wa tarehe 4 Desemba 1943. Silinda za nta zilikuwa na bahati nyingine, kwa kuwa mahali pa kuhifadhi sauti za namna hiyo palikuwa Phonogramm-Archiv ya Berlin, ambako Erich von Hornbostel alikuwa akipima na kunukuu muziki ulioletwa na wasafiri kutoka makoloni. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkusanyo wa Berlin ulichukuliwa hadi Leningrad, ukarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991 ukarejea katika makumbusho ya Dahlem. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia.